Esc, Picha, Simama

Sijawahi kuuona mgongo wa Matroni ukigusa kiti. Alikaa ukingoni, magoti pamoja, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo nje ya ofisi, na hivyo ndivyo alivyokaa kutwa mbele ya kompyuta kwa miaka yote niliyokuwa jirani yake pale Dongobesh. Mimi ninauza pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za kupulizia vitunguu saumu. Yeye alikuwa na steshenari, na nyuma ya steshenari, ukivuka pazia la kitenge, alikuwa na chumba cha gemu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, tena mbao zilizoachana. Nimesikiliza mechi nyingi za mpira wa kompyuta kuliko mtu yeyote ambaye hajawahi kucheza hata moja.

Jina lake analo, na watu wa rika lake wanalijua. Sisi wengine tulimwita Matroni kwa sababu alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu hakuona sababu ya kuacha. Vijana waliofika kucheza aliwapokea mlangoni, akawakagua kucha. Aliyekuwa na mikono michafu alirudishwa bombani. Aliyerudi na mikono mibichi aliambiwa aende akaianike kwanza, kibodi si taulo. Nenosiri la intaneti yake alilibadilisha kila wiki, na kila wiki lilikuwa agizo: pigamswaki, nyooshakitanda, rudishakikombe. Vijana wa Dongobesh waliingia mtandaoni kupitia malezi.

Kompyuta zilikuwa tatu, na hakuna iliyofanana na nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya Windows, aliyoinunua Arusha ikiwa imeshatumika. Hiyo aliiita Mkubwa. Ya pili ilikuwa Mac, aliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyefundisha fizikia pale shuleni kisha akarudi kwao. Hiyo aliiita Mgeni. Ya tatu ilimfikia ikiwa imejaa virusi, fundi akajaribu kuipiga window, yaani kuiwekea Windows upya, ikakataa, akaamua kuiwekea Linux. Hiyo aliiita Yatima, kwa sababu alisema hajawahi kuona duka la kwao.

Kila moja ilikuwa na vidole vyake. Ulichokifanya kwa Ctrl kwenye Mkubwa, kwa Mgeni ulikifanya kwa kitufe chenye alama inayofanana na ua, na vijana walikiita hivyo hivyo, ua. Kijana aliyekuwa bingwa kwenye Mkubwa akihamishiwa kwa Mgeni, dakika za mwanzo alikuwa anapapasa tu. Matroni hakuwaonea huruma. Alisema mtu akilala ugenini anauliza choo kiko wapi kabla ya kuzima taa.

Sheria yake kuu ilihusu salamu. Mtu mzima akiingia, gemu inasimama. Kwetu huku mtoto akimwamkia mkubwa macho yakiwa pembeni, watu wanaanza kuulizana nyumbani kwao kuna matatizo gani. Basi Matroni aliweka utaratibu, akaubandika ukutani kwa maandishi makubwa aliyoyachapa mwenyewe: ESC, PICHA, SIMAMA. Unabonyeza Esc, gemu inaganda. Unapiga picha ya kioo. Unasimama, unageuka, unasema shikamoo. Ukiitikiwa, unakaa.

Picha ilikuja baadaye, kutokana na ugomvi. Kulikuwa na wajanja waliosimama kumwamkia mtu mkono mmoja ukiwa umebaki kwenye kibodi, wakaibonyeza Esc tena mapema, na wakati mwenzao bado anasema shikamoo wao wakafunga goli. Kelele zake nilizisikia mimi upande wa mbolea. Matroni akaamua kwamba mtu asiondoke kitini bila ushahidi wa namna alivyoviacha vitu. Ilikuwa dawa nzuri. Wazee nao wakazoea. Waliingia, wakasimama katikati ya chumba, wakasubiri vidole vimalize kazi, kisha wakapokea shikamoo zao.

Mzee mmoja alizoea kupita kiasi. Mjukuu wake alikuwa mchezaji dhaifu, na kila alipoanza kufungwa, babu aliingia kuulizia bei ya kudurufu karatasi. Mpinzani anasimama, anaamkia, anakaa, mkono umeshapoa. Babu anatoka, anazunguka dukani kwangu, ananiuliza kama mbegu za karoti zimefika, anarudi kuulizia bei ile ile. Matroni alimvumilia mpaka mjukuu akafika fainali. Siku hiyo alimwekea babu kiti ndani, akampa uji, akamwomba asinyanyuke mpaka aumalize. Mjukuu alifungwa vibaya, lakini uji alisifu.

Kupiga picha yenyewe kulikuwa somo. Kwenye Yatima ulibonyeza PrtSc, kioo kikatoa mmweko, picha ikajihifadhi yenyewe kwenye folda ya picha. Kwa Mgeni ulishika ua, Shift na tatu kwa pamoja, ukasikia mlio wa kacha, na picha ikatokea pale pale kwenye kioo. Kwenye Mkubwa ulibonyeza PrtSc na hakikutokea kitu chochote. Hakuna mlio, hakuna mmweko. Picha ilikuwa imeshikwa tu mahali fulani ndani, na kama hukwenda haraka kuibandika kwenye programu ya kuchorea, mtu mwingine akinakili chochote inapotea. Kulikuwa na njia nyingine, ya kushika kidirisha, kitufe chenye alama ya dirisha, pamoja na PrtSc, lakini kidole kikitangulia vibaya kwenye kidirisha, gemu inakutupa nje na mpira unaendelea bila wewe.

Nakumbuka kijana mmoja kutoka Dirma aliyekuwa amefikia wilayani kwetu kwa shangazi yake. Alishinda mechi ambayo hata mimi niliisikia kuwa ni kubwa. Akabonyeza PrtSc kwenye Mkubwa, akatoka nje kushangilia. Akaingia mwalimu wa shule ya msingi, akafungua barua yake ya kuomba uhamisho, akanakili anwani. Kijana aliporudi kubandika ushindi wake, ilitoka anwani ya Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya. Alilia, na alikuwa na ndevu.

"Picha yako ipo wapi?" Matroni alimuuliza.

"Niliipiga, Matroni. Haki ya Mungu niliipiga."

"Uliishika mkononi. Ukaja mwenzako, ukampa mkono. Sasa unalia nini?"

"Lakini nilishinda!"

"Usiniambie. Nionyeshe."

Hayo maneno mawili ya mwisho niliyasikia mara nyingi kupitia mbao zile hata nikaanza kuyatumia kwa wateja wanaodai mbegu zangu hazikuota.

Masikio yake yalikuwa ya bwenini. Msichana aliyekuwa anajifanya anakwenda chooni alimjua kwa mlio wa ndala. Sasa alivihamishia vitufe ujuzi huo. Kabla ya saa ya masomo kwisha, vijana wa shule walikuja wakisema wanachapa kazi za kikundi. Mbele kulikuwa na ukurasa wenye kichwa cha habari, nyuma yake gari la mashindano. Hatua za Matroni zikikaribia, Alt na Tab, gari linazama, kazi ya kikundi inaibuka. Yeye hakuangalia hata kioo. "Dole gumba limelala muda mrefu mno, kitufe cha nafasi sijakisikia," alisema akipita, na kijana akaaga mwenyewe. Kwa Mgeni walijaribu ua na Tab. Kwa kuwa Q ipo pembeni ya Tab tu, kidole kikitetemeka gemu inajifunga kabisa na safari yote inapotea. Matroni alisema aliyeitengeneza ile kibodi lazima alilelewa vizuri.

Kulikuwa na kijana wa gereji aliyewadanganya wageni kwamba wakishika Alt na F4 mchezaji wao anaongezewa nguvu. Aliyedanganywa anashika, gemu inafungwa, anahesabiwa ameshindwa. Matroni alimwita, akamwambia kuanzia leo utacheza kwa Mgeni tu. Kijana akacheka. Wiki nzima alikuwa anajifungia gemu yake mwenyewe kwa vidole vyake mwenyewe, na hakuna aliyemdanganya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu Dongobesh alilijua, na ambalo kwa sababu hiyo hakuna aliyelitaja mbele yake. Huyu mama aliyefungua chumba cha gemu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo alifukuzwa shule kwa sababu ya gemu. Aliyempeleka ofisini ni yeye.

Kijana alikuwa anasoma pale pale mama alipokuwa matroni. Wavulana walikuwa na patroni wao, kwa hiyo utoro wa wavulana haukumhusu. Lakini siku moja ya gulio, akiwa ametumwa kununua sabuni za bweni, Matroni alipita karibu na kibanda cha gemu, akaona shati la shule, akaona na mgongo uliokuwa ndani ya shati. Hakuita. Alikwenda kununua sabuni, akarudi shuleni, akapitia ofisini, akaandikisha jina la mwanawe kama ambavyo angeandikisha jina la mwanafunzi yeyote. Kijana alikuwa ameshapewa onyo la mwisho, na mama alilijua hilo. Kijana alichukua godoro lake akaenda Katesh kwa mama yake mdogo. Hakuaga, na tangu siku hiyo hakumwamkia mama yake tena.

Ungedhani mtu wa namna hiyo akistaafu atafungua hata duka la khanga. Alifungua chumba cha gemu. Watu walisema amechanganyikiwa, wengine wakasema anafuata hela, na wengine, wenye watoto watoro, walisema heri wakatoroke kwake, angalau watarudi wamenawa. Mimi nilidhani ni ukaidi. Nilikosea, na nilichelewa sana kujua kwamba nimekosea.

Katesh si mbali. Siku isiyo na ukungu ukisimama nyuma ya maduka yetu unauona mlima Hanang umekaa kule, na kijana alikuwa chini yake. Alifungua kibanda cha ufundi, anarekebisha simu na kupiga window. Salamu zake zilikuja kupitia mama yake mdogo: hajambo, amepona malaria, amehama chumba. Mara moja mama mdogo alimshika kijana akamlazimisha atume ujumbe kwa simu. Ukafika, shkmoo, bila hata irabu zake zote. Matroni aliusoma, akanionyesha, akaifunika simu.

"Mjibu basi," nilimwambia. "Mtoto amekuamkia."

"Jirani, shikamoo haiandikwi. Shikamoo inaletwa."

"Siku hizi wote wanaandika, Matroni."

"Wote si wa kwangu."

Niliona huruma, na hasira pia, maana nilidhani anaitupa bahati kwa sababu ya sheria.

Yeye mwenyewe alicheza gemu moja tu, ya kuendesha malori. Si ya mashindano. Unapakia mzigo, unaupeleka mji mwingine, unafuata alama. Aliendesha kwa namna ambayo vijana walikuwa wanaomba ruhusa kutoka nje wakacheke. Alisimama kwenye kila alama ya kusimama. Aliwasha taa ya kona mahali ambapo hakukuwa na mtu wa kuiona. Akifika, aliliegesha lori lake katikati ya mistari, akapiga picha kwa Mgeni, kacha, akaichapa kwa rangi, akaibandika ukutani pamoja na ushindi wa vijana. Upande mmoja magoli na vikombe, upande mwingine lori la Matroni limeegeshwa vizuri.

Kilichoniondoa usingizini ni siku aliyoingia mwinjilisti. Namzungumzia mzee ambaye dukani kwangu hata wateja wenye haraka wanashusha mifuko kwanza ndipo wamwamkie. Alikuja kuchapisha ratiba ya ibada, akavuka pazia. Vijana wote: Esc, picha, simama, shikamoo. Matroni alikuwa kwa Mgeni, mgongo wima, macho kwenye kioo. Hakugeuka.

Mwinjilisti alikohoa kidogo. Chumba kizima kilikuwa kimesimama isipokuwa aliyeitunga sheria.

"Shikamoo, Baba," alisema hatimaye, akiwa amekaa, mikono kwenye kibodi.

"Marahaba," mwinjilisti akasema, na akanunua bahasha ambayo hakuihitaji ili apate la kufanya.

Jioni habari ilikuwa imefika Tlawi, nyumbani kwetu, na mama yangu alinipigia simu kuuliza kama Matroni anaumwa. Kesho yake nilivuka pazia nikamuuliza. Nilijua nitafokewa.

"Ile ya malori haisimami," alisema. "Ukibonyeza Esc unaona maandishi tu, nyuma yake barabara inaendelea. Tunacheza wengi, kutoka kila mahali. Huwezi kuwasimamisha watu wa dunia nzima."

"Basi ungeliacha lori, Matroni. Ni lori la kwenye kioo."

Akanyoosha kidole ukutani. "Angalia vizuri, Jirani. Wewe una macho ya kuona kiwavi kwenye jani."

Niliangalia. Picha zake zilikuwa nyingi, na nilikuwa nimezipita kila siku. Katika kila moja, mbele ya lori lake lililoegeshwa au lililo safarini, lilionekana lori jingine, la njano. Wakati mwingine lilikuwa karibu hadi unaona taa zake za nyuma, wakati mwingine ni tone la njano mwisho wa barabara. Juu yake pameandikwa jina la mchezaji kwa herufi ndogo: Mtoro.

Jina hilo Matroni aliambiwa na mdogo wake wa Katesh, yule mama mdogo wa kijana, ambaye alikuwa amelalamika tu kwamba mtoto akifunga kibanda mchana anaendesha lori la kwenye kompyuta, na juu ya lori ameandika jambo la aibu. Matroni akaitafuta gemu hiyo, akajisajili. Nilimuuliza alijisajili kwa jina gani. Akashangaa swali. Alijisajili kwa jina la Matroni; kuandika jina la uongo ni kosa.

Kwa hiyo kijana alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa barabarani, akatokea mtu nyuma yake kwenye mwendo unaoruhusiwa, na kwenye sehemu ya kuandikiana akasoma: Habari za mchana. Punguza mwendo, mbele kuna kona. Hakujibu salamu. Aliandika sawa, akapunguza. Toka hapo waliendesha pamoja karibu kila mchana, mama nyuma, mtoto mbele, hakuna aliyemwita mwenzake kwa chochote. Vijana wetu waliomcheka mama yule hawakujua anafuata nini, na mimi niliyekuwa nyuma ya mbao sikujua pia. Nilijisikia mjinga, na nikampenda yule mama kuliko nilivyowahi kukiri.

Shida ilikuwa taa za barabarani. Kijana akipita taa ikiwa kijani, yeye akifika imeshageuka. Anasimama. Mtoto hasimami. Mchana mzima unaobaki Matroni anauendesha akiwa peke yake, anaangalia kila njia panda kama kuna kitu cha njano.

Baada ya muda nilikwenda Katesh kufuata mbegu za alizeti, na simu yangu ikazima. Nikaelekezwa kibanda cha fundi. Sikuhitaji kuuliza huyu ni nani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, anapuliza vumbi kwenye betri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Natoka Dongobesh," nilisema. "Duka langu lipo jirani na steshenari."

Akaendelea kupuliza. "Bado anasimama kwenye kila alama?"

"Kila alama."

"Namwachia nafasi," alisema. "Sikimbii sana. Ila taa zikimkamata, siwezi kumngoja. Yeye hakuningoja. Aliniona pale kibandani, mzee. Na mimi nilimwona, kwenye kioo cha kompyuta, kivuli chake kimesimama nyuma yangu. Nikasema sasa ataniita, atanichapa hapa hapa mbele ya watu, yatakwisha. Akaenda kununua sabuni."

"Alifuata sheria."

"Najua. Ndiyo maana simchukii. Lakini siendi."

Akanirudishia simu, inawaka. Nilirudi na mbegu zangu, na sikumwambia Matroni chochote, maana sikuwa na cha kumwambia ambacho hakijui.

Kisha ikaja mchana mmoja wa mvua ndogo. Nilikuwa napanga dawa rafuni. Kupitia mbao nilisikia injini ya lori lake, nikasikia mlio wake ukipanda badala ya kushuka, nikasikia honi za watu wengine, kisha kacha. Halafu mashine ya kuchapa ikaanza kukoroma.

"Jirani," aliita. "Njoo."

Karatasi ilikuwa bado ina joto. Lori lake lilikuwa katikati ya njia panda, taa juu yake nyekundu kabisa, na pembeni maandishi mekundu ya kosa la kupita taa. Mbele, karibu kuliko picha zote nilizowahi kuona, lilikuwa lori la njano.

"Umepita taa," nilisema.

"Nimepita." Aliinyoosha karatasi kwa kiganja. "Ningesimama, ningempoteza tena."

Aliibandika katikati ya ukuta, juu ya vikombe vyote. Vijana waliotoka shule walijipanga kuitazama. Mmoja mdogo, mwenye adabu, akauliza, "Matroni, utasimamishwa?"

"Ninastahili," alisema.

Halafu akaituma ile picha kwa simu ya mdogo wake, kwa ajili ya kijana. Hakuandika neno hata moja. Nilimwambia aongeze japo mstari wa kueleza. Akaniangalia kama nimesahau niko chumba cha nani.

Hakukuja jibu. Siku zikapita, vitunguu vikavunwa, mimi nikaanza kuogopa kumtazama usoni. Mchana aliendesha kama kawaida, lori la njano lilikuwepo kama kawaida, na kwenye maandishi hapakuwa na jipya.

Asubuhi moja vijana wakiwa shule, gari la kutoka Katesh lilishusha watu, na mmoja wao akaingia dukani kwangu na begi mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nikamjua, nikashusha sauti bila kuambiwa. "Upo mlango wa pili."

"Najua. Naomba nikae hapa kwanza."

Akakaa kwenye mfuko wa mbolea, akatoa laptopu, akaniuliza nenosiri la intaneti ya jirani. Wiki hiyo lilikuwa fungadirisha. Nilipomtajia alicheka, kisha akajipangusa macho kwa mkono wa shati, kisha akaandika.

Kwa muda niliyasikia malori mawili kwenye barabara moja, moja mapajani kwake, jingine kupitia mbao. Yeye mbele, mama nyuma. Nilisimama nikiwa nimeshika kopo la dawa ambalo sikujua nilikuwa nalipeleka wapi. Wakafika kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na taa wala alama yoyote. Kijana akapunguza mwendo, akawasha taa ya kona, akasogea pembeni nusu nusu, akasimama. Nyuma yake lori la mama likasimama pia, likawasha taa za tahadhari. Yakatokea maandishi: Umeharibikiwa?

Hakujibu. Akaiacha laptopu juu ya mfuko, akasimama.

"Mzee, niangalizie gari."

Sikuliangalia. Niliacha duka wazi nikamfuata, na sioni haya kulisema. Alipita steshenari, akafika kwenye pazia la kitenge, akalishika muda mrefu kabla ya kulivuta. Matroni alikuwa peke yake kwa Mgeni, mgongo wima, anasubiri maandishi yajibiwe.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka. Nilidhani hakusikia. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto ukienda kwenye Esc. Yakaja maandishi juu ya kioo, na nyuma yake barabara ikaendelea kama alivyoniambia; lori la mtu mwingine kabisa likapita likipiga honi. Akashika ua, akashika Shift, akatafuta tatu. Kidole kilikosa. Akarudia. Kacha.

Halafu akasimama. Kwetu mkubwa hasimami kumpokea mdogo, sembuse mama kwa mtoto wake wa kuzaa. Alisimama, akalinyoosha gauni lake, akageuka.

"Marahaba," alisema. Alilisema polepole, herufi kwa herufi. Alimtazama kucha, akamtazama viatu, akamtazama usoni. "Umeacha gari barabarani."

"Jirani analiangalia."

Wote wawili wakanigeukia pale nilipokuwa nimesimama, pazia mkononi. Nikarudi dukani. Nikakaa kwenye mfuko wa mbolea, nikaweka laptopu mapajani, nikayaangalia malori mawili yaliyosimama pembeni ya barabara, taa zikiwaka na kuzima, na ndani yake hakuna mtu.